Maswali ya wasomaji: "Gari likishachanganya, mimi natenganisha ya nini?"

Toleo lililopita niliandika kwamba uzito mkubwa wa taka za mji hutoka jikoni na bustanini, na kwamba halmashauri inayotaka kupunguza taka ianzie hapo kabla ya kuhangaika na plastiki. Barua zilizokuja zimenizidi. Wachache wanakubali, wengi wanabisha, na mmoja ameniita "Mzee wa Maganda", jina ambalo nimelipokea kwa mikono miwili. Kwa msomaji mgeni: nilifanya kazi idara ya usafi ya halmashauri ya jiji hadi nilipostaafu, kwanza nikipanga magari, baadaye nikisimamia dampo. Waliouliza jambo moja nimewajibu pamoja.

Shikamoo Mzee. Nyumbani kwangu nina ndoo mbili, moja ya mabaki ya chakula, moja ya karatasi, chupa na makopo. Watoto wamezoea na hawakosei. Juzi nilisimama dirishani nikaona vijana wa gari wanazimwaga zote mbili pamoja. Gari likishachanganya, mimi natenganisha ya nini? — Mama wa ndoo mbili

Marahaba, mwanangu. Hasira yako ni ya haki, lakini usiwamalizie vijana wale. Wamepewa gari lenye tumbo moja, njia moja na muda mfupi. Hata wangetaka kukuhurumia, hawana pa kuiweka ndoo yako ya pili.

Kosa limefanyika ofisini kabla gari halijawashwa. Halmashauri nyingi huanza na vipeperushi na mapipa ya rangi, kisha zinasahau kupanga gari. Wakati sisi tunajua kwamba mwenye nyumba akishaona mara moja tu kazi yake imemwagwa pamoja, mwezi unaofuata hatengi tena, na kumrudisha huchukua miaka. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kinyume: kwanza gari, kisha mahali pa kupeleka, mwisho ndiyo mapipa na vipeperushi.

Na wala si lazima kununua magari mapya. Njia rahisi kuliko zote ni kugawa siku. Gari lilelile, wafanyakazi walewale, siku mbili za wiki linabeba taka mbichi pekee, yaani za jikoni na bustanini, siku nyingine linabeba kavu. Taka mbichi haziwezi kusubiri kwa sababu zinaoza, lakini karatasi na chupa zinaweza kukaa wiki nzima pembeni bila kumsumbua mtu. Ukishalijua hilo, ratiba inajipanga yenyewe: mbichi mara nyingi, kavu mara chache.

Kuna jambo la uzito ambalo wanunuzi wa magari huwa hawalisikilizi, nami nimelisema vikaoni mpaka nikaonekana mkorofi. Katika miji ambayo watu hutupa karatasi na maboksi kwa wingi, mita moja ya ujazo ya taka huwa na kilo 100 hadi 150. Mle mna hewa tupu, na lori la kubana taka linaibana hewa hiyo likabeba mara tatu au nne zaidi. Katika miji ambayo taka nyingi ni za jikoni, mita hiyohiyo ya ujazo inafika kilo 300 hadi 500. Humo hamna hewa ya kubana. Lori likikaza, kinachotoka ni maji meusi yanayomwagika barabarani kutoka kona ya kwanza hadi dampo, na mitambo ya haidroli inaliwa na chumvi na tindikali. Lori la namna hiyo hupendeza sana siku ya uzinduzi. Baada ya hapo utalikuta karakana, limeegeshwa juu ya matofali.

Wapo waliofanikiwa, tena miji mikubwa. Milan, huko Italia, ulianza kukusanya mabaki ya chakula nyumba kwa nyumba mwaka 2012, eneo moja kwanza, kisha jingine, hadi 2014 jiji lote likawa limeingia. Kila jikoni lilipewa kindoo chenye matundu ili hewa ipite, maana mabaki yakipumua hayanuki haraka. Yakikusanywa yanakwenda kwenye mtambo wa kutengeneza bayogesi na mboji. San Francisco, Marekani, ulipitisha sheria mwaka 2009 ya kumtaka kila mtu atenge: pipa la vinavyooza, pipa la vinavyorejelezwa, pipa la kilichobaki. Kinyume chake kuna mji mdogo wa Kamikatsu, Japani, ambako wakazi hutenga taka katika makundi zaidi ya 40 na kuzipeleka wenyewe kituoni, na zaidi ya asilimia 80 zinarejelezwa. Nawavulia kofia, ila wao hawafiki watu 1,500. Mimi ningeshindwa kufika kundi la kumi. Jiji halihitaji makundi 40. Likipata mawili ya kweli, mbichi na kavu, limemaliza kazi ngumu.

Kwako wewe, endelea na ndoo zako, ila usilipatie gari hilo ile ya kavu. Mtafute anayenunua makopo na karatasi mtaani kwako. Karatasi safi ina bei, karatasi iliyolowa mchuzi haina. Na andika barua kwa afisa afya ukimuuliza jambo moja tu: siku gani ya wiki gari linakuja kwa taka kavu. Akikosa jibu, muulize tena mwezi ujao, safari hii na majirani wakiwa wametia sahihi.

Mzee wetu, tumeungana majirani kadhaa kutengeneza mboji kama ulivyoshauri. Inanuka na imejaa funza. Tumeambiwa tuache. — Kikundi cha akina mama

Msiache. Harufu inawaambia kitu, na karibu kila mara ni kilekile: mmeweka mbichi tupu. Maganda na mabaki yana naitrojeni nyingi na maji mengi. Yakirundikana peke yake yanajifunga, hewa haipiti, na vijidudu visivyohitaji hewa vinachukua kazi. Hao ndio wanaonuka.

Kila mnapomwaga ndoo moja ya mbichi, fukieni kwa ndoo mbili, hata tatu, za vitu vikavu: majani makavu, vumbi la mbao, boksi lililochanwa vipande vidogo, nyasi zilizokauka. Kisha chukueni konzi ya mchanganyiko mkaikamue. Yakitoka matone machache, ndivyo inavyotakiwa. Ukichuruzika mchirizi, ongezeni kavu. Isipotoa hata tone na ikameguka kama mchanga, nyunyizeni maji. Pindueni mara kwa mara kwa uma wa shamba. Lundo likiwa kubwa kiasi cha kufika kiunoni litapata joto lenyewe, na likipita nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku tatu mfululizo, mayai ya nzi na vijidudu vya magonjwa havitabaki. Kijilundo cha kufika vifundoni hakipati joto hilo hata mkikibembeleza.

Nyama, samaki na mafuta viacheni nje mpaka mkono uzoee. Funza nao si wa kuogopwa sana. Kuna miji inayofuga kwa makusudi mabuu ya aina ya nzi mweusi asiyeuma ili wale mabaki, kisha mabuu yanauzwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Ila hiyo ni kazi ya banda na usimamizi, si ya pembeni mwa jiko.

Anayewaambia muache mpeni mfano wa Surabaya, Indonesia. Halmashauri yao, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Kitakyushu, Japani, iligawa maelfu ya vikapu vya kutengenezea mboji majumbani kuanzia miaka ya 2000, ikajenga na vituo vidogo vya mitaa. Taka zilizokuwa zikifika dampo zilipungua kwa zaidi ya asilimia 20, na hawakujenga kiwanda kikubwa kufanikisha hayo.

Ndugu mwandishi, mimi ni mhandisi kijana na nadhani unawarudisha watu nyuma. Dunia inachoma taka na kupata umeme. Kwa nini tusijenge tanuri moja kubwa, tukamaliza habari ya ndoo na funza? — Mhandisi

Swali zuri, na nimekaa mezani na wauzaji wa matanuri hayo. Wana picha nzuri kuliko zote. Ya Amager Bakke, Copenhagen, huwa haikosi: mtambo uliofunguliwa 2017, juu yake watu wanateleza kwenye mlima wa bandia. Picha haionyeshi kwamba mtambo ule huuza joto pamoja na umeme, kwa sababu nyumba za jiji lile zina mabomba ya kupasha joto. Ukitoa joto, nusu ya hesabu imekimbia. Haionyeshi pia kwamba mtambo ulijengwa mkubwa kuliko taka za jiji lenyewe, ikabidi nyingine ziagizwe kutoka nje ya nchi.

Sasa mhandisi mwenzangu, rudi darasani. Ili taka ziungue zenyewe bila kuongezewa mafuta, zinatakiwa zitoe wastani wa megajuli 7 (kipimo cha nishati) kwa kila kilo mwaka mzima. Taka zilizojaa maji hazifiki hapo. Nguvu yote inaishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Kinachoungua vizuri ni plastiki, ambayo aina nyingi hutoa zaidi ya megajuli 40 kwa kilo, na karatasi. Yaani tanuri linataka vile vitu ambavyo ungeweza kuviuza, na linavikataa vile vinavyokusumbua. Ukitenga mbichi ili tanuri lifanye kazi, tayari umerudi kwenye ndoo mbili. Na ukishatenga mbichi na kuuza kavu, kinachobaki ni kidogo mno kulisha tanuri.

Angalia pia mkataba. Mwenye mtambo amekopa fedha nyingi, hivyo anataka uhakika wa tani. Mikataba mingi inaibana halmashauri ilete tani kadhaa kwa siku au ilipe hata kama haikuleta. Jiji lililotia sahihi hiyo limeahidi kutopunguza taka kwa miaka 20 au 25. Mimi hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, kuliko hata moshi, ambao mtambo mzuri wenye vichujio unaweza kuudhibiti. Na mwisho majivu yanabaki: robo hivi ya uzito ulioingia, na yale ya kwenye vichujio yana sumu, yanahitaji shimo lake maalumu. Kwa hiyo dampo halijaondoka.

Sisemi tanuri halifai popote. Visiwa visivyo na ardhi, miji ya baridi iliyokwisha kutenga na kurejeleza kwanza, wana hoja zao. Hata Addis Ababa wamejenga la kwao, Reppie, lililozinduliwa 2018, jirani kabisa na dampo la Koshe. Ila likiwa jibu la kwanza la mji ambao haujatenga hata ganda moja, wewe kama mhandisi omba kwanza upimaji wa unyevu wa taka zenyewe kwa msimu wa mvua. Ukiletewa wastani wa mwaka, rudisha.

Shikamoo Mzee. Tunaishi upande wa upepo wa dampo. Kila kiangazi linafuka moshi wiki nzima. Halmashauri inasema waokota taka ndio wanaochoma. Je, ni kweli? — Mkazi

Marahaba. Wakati mwingine ni kweli. Kuna anayechoma waya apate shaba. Lakini dampo la wazi halihitaji kiberiti.

Unapofukia taka mbichi bila hewa, vijidudu vinazioza na kutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani. Gesi hiyo inaungua. Kuoza kwenyewe kunatoa joto. Kiangazi lundo linapasuka nyufa, hewa inaingia ndani, joto linakutana na hewa na methani, na moto unaanza kufukuta chini kwa chini. Unaweza kukaa wiki kadhaa bila mwali kuonekana juu. Wazima moto wakija na maji wanalowesha ngozi tu, na maji yanayobaki yanazidisha yale meusi yanayochuruzika kwenda mtoni. Dawa yake ni kuunyima hewa: kuleta udongo mwingi, kuushindilia kwa tingatinga juu ya nyufa, na pale unapofikika, kuchimba taka zinazowaka, kuzitandaza sakafu ya udongo na kuzipoza ndipo zirudishwe. Ni kazi chafu na ya hatari, nami nawapa heshima wanaoifanya.

Methani hiyo, hata isipowaka, inapasha dunia joto kwa nguvu inayokaribia mara 28 ya kabonidayoksaidi ukihesabu kwa miaka 100, na takriban mara 80 ukihesabu kwa miaka 20. Ndiyo maana huwa nacheka mtu akisema ganda la tunda ni taka isiyo na madhara. Shambani halina madhara. Chini ya mita kumi za taka ni kitu kingine.

Kuna hatari kubwa kuliko moshi, nayo naomba mwiulizie bila kuchoka: mwinamo. Lundo refu lenye ubavu wa kusimama, likinyeshewa, linaporomoka. Payatas, Ufilipino, Julai 2000, zaidi ya watu 200 walifukiwa. Mwaka uliofuata nchi ile ikapitisha sheria mpya ya taka. Leuwigajah, Indonesia, tarehe 21 Februari 2005, walikufa watu zaidi ya 140, na hadi leo tarehe hiyo ni siku ya kitaifa ya kukumbushana habari ya taka. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, walikufa zaidi ya 110. Wote hao walikuwa wakiishi au kufanya kazi miguuni pa lundo.

Dampo lenu haliwezi kufungwa kesho, lakini linaweza kutengenezwa. Jiji la Fukuoka, Japani, pamoja na chuo kikuu cha hapo, walibuni miaka ya 1970 njia isiyohitaji mitambo ya gharama. Chini ya dampo wanalaza mabomba yenye matundu, wakiyazungushia mawe, kwa mteremko. Maji meusi yanatoka upesi badala ya kukaa ndani, na kwa kuwa ndani kuna joto, hewa baridi inavutwa kuingia kupitia mabomba hayohayo. Taka zinaoza zikipumua, methani inapungua, lundo linatulia mapema. Ongeza udongo wa kufunika kila jioni, mlalo wa ubavu usiozidi mita moja kwenda juu kwa kila mita tatu kwenda pembeni, na mtu getini anayeandika kila gari. Kiongozi akikwambia hayo yote ni ghali, mwambie akaulize gharama ya kuzika.

Mzee, mifuko iliyoandikwa "inaoza" inaoza kweli? — Msomaji

Inategemea maandishi. Ile iliyothibitishwa kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 inaoza angalau asilimia 90 ndani ya miezi sita, lakini kwenye mtambo wa mboji wenye joto, si mtaroni wala baharini. Ile iliyotiwa kemikali ya kuifanya ivunjike kwa jua inakuwa vipande vidogo vya plastiki, basi. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwa sheria ya 2019. Beba kikapu.

Mwenzangu, nami ni mstaafu kama wewe. Nalipa ada ya taka sawa na jirani yangu mwenye watu kumi na biashara nyumbani. Mimi nina mfuko mmoja kwa wiki. Haki iko wapi? — Mzee mwenzako

Haipo, nakubali. Kuna miji iliyoitafuta. Korea Kusini tangu 1995 wananchi wananunua mifuko rasmi ya taka, na bei ya mfuko ndiyo ada: ukitupa kingi unanunua mingi, na vya kurejelezwa vinachukuliwa bure. Mwaka 2005 wakapiga marufuku kufukia mabaki ya chakula, na Seoul tangu 2013 wanayapima. Unagusisha kadi, pipa linafunguka, linapima uzito, deni linaandikwa kwa jina lako. Watu wakaanza kuchuja maji kwenye mabaki kabla ya kuyatupa, maana nani atalipia maji? Taipei nako mfuko unalipiwa tangu 2000, na gari linapita likipiga muziki, wewe mwenyewe unatoka na mfuko wako mkononi. Nimelipenda hilo la kutoka mwenyewe: mtu akibeba taka zake mbele ya majirani anazijua.

Lakini mwenzangu, mfumo huo unasimama mahali ambapo gari linafika kila nyumba, kila siku iliyotajwa, na mtu anayetupa mtaroni anakamatwa. Ukiuleta mahali ambapo gari linaruka wiki mbili, utakuwa umewafundisha watu kutupa usiku. Ndiyo maana mimi huunga mkono ada iliyo sawa kwanza, ndogo, ikusanywe pamoja na bili ya maji ili isikwepeke, na wenye biashara wapimwe peke yao. Jirani yako mwenye biashara nyumbani alipaswa kuwa kwenye daftari jingine kabisa, na hilo halihitaji pipa la kadi. Linahitaji karani atoke ofisini. Jua pia kwamba katika nchi maskini kazi ya taka humeza wastani wa asilimia 20 ya bajeti ya halmashauri, kwa hesabu za Benki ya Dunia za 2018, na fungu kubwa linaishia kwenye kukusanya na kusafirisha. Ndiyo maana kila kilo inayobaki nyumbani ikawa mboji ni mafuta ya gari yaliyookolewa.

Shikamoo. Halmashauri yetu imepata kampuni na sasa inataka kuwafukuza wanaookota chupa na vyuma. Wengine wanasema ni wezi. Wewe umewasimamia, unasemaje? — Mwalimu

Marahaba, mwalimu. Niliokuwa nao dampo walikuwa wananijulisha kuhusu ubavu uliopasuka kabla ya mhandisi yeyote. Wanajua plastiki kwa kuikunja na kuisikia mlio. Kile tunachokiita urejelezaji katika miji mingi ya dunia ni jasho lao, na halmashauri hailipi hata senti kwa tani wanazoziondoa.

Pune, India, waliona hivyo. Mwaka 2008 ushirika wa waokota taka, SWaCH, uliingia mkataba na halmashauri. Wanachama wake, wengi wao wanawake, wanapita nyumba kwa nyumba, wanachukua mbichi na kavu zikiwa zimetengwa, wenye nyumba wanawalipa ada, na vya kuuza ni vyao. Brazil imewatambua kwenye sheria ya taka ya 2010. Bogotá, Kolombia, ilibidi waende mahakamani: mahakama ya katiba iliamua kwa upande wao zaidi ya mara moja, na tangu 2013 jiji linawalipa kwa kila kilo wanayopitisha kwenye mizani, kama linavyoilipa kampuni ya magari.

Kampuni ikija na masharti kwamba taka zote ni mali yake tangu mlangoni, soma mara mbili. Inalipwa kwa tani inazopeleka dampo, hivyo kila chupa anayoichukua muokota taka ni hasara kwake. Mkataba huo umewagombanisha kwa karatasi kabla hawajaonana. Masharti mazuri yanawaachia waokotaji taka kavu kwa maandishi, yanawapa vitambulisho, glavu na mahali penye paa pa kuchambulia. Wizi, kama upo, una polisi wake.

Habari Mzee. Nimechaguliwa diwani, na nimeingizwa kamati ya usafi. Wenzangu wanataka tuanze na kununua magari. Nianzie wapi? — Diwani mpya

Anzia dampo, saa moja asubuhi, kwenye mizani. Kama haifanyi kazi, na usishangae ukikuta haifanyi, basi tani zote zilizo kwenye taarifa utakazosomewa ni za kukadiria. Daftari la getini ulilinganishe na ankara za wakandarasi. Angalia wanalipwaje. Anayelipwa kwa safari huja na gari nusu. Anayelipwa kwa tani huongeza udongo na mawe, na mvua inamfurahisha. Hakuna namna moja iliyo salama. Changanya malipo ya tani na ukaguzi wa mitaa, mkaguzi asiwe anayetoka upande wa mkandarasi.

Kisha pima taka za watu kabla ya kupanga chochote. Chagua kaya kutoka mitaa ya matajiri, ya kati na ya maskini, zipe mifuko, kusanya kila siku kwa siku nane. Siku ya kwanza itupe, kwa kuwa watu hutoa vilivyolundikana. Zilizobaki saba pima, kisha mwaga kwenye turubai, changanya, gawa mafungu manne, chukua mawili ya kukingamana, changanya tena, hadi ubaki na fungu linalochambulika. Tenga mbichi, karatasi, plastiki, vioo, vyuma, nepi, nguo. Vijana wachache, mizani ya kuning'iniza na glavu nene vinatosha. Duniani kote mabaki ya chakula na majani ni asilimia 44 ya taka za miji, na katika nchi maskini hupita nusu. Mji wako una namba yake, na kamati yako haijawahi kuiona.

Kuhusu magari, ngoja. Nenda karakana uhesabu yaliyosimama, uliza kila moja limesimama kwa sababu gani na tangu lini. Mengi utakuta yanadai bomba la haidroli, betri au matairi, vitu ambavyo gharama yake yote pamoja haifiki bei ya lori moja jipya. Na yale yanayotembea, panda moja kwa siku nzima, uone linapoteza saa ngapi foleni ya dampo. Dampo likiwa mbali, kituo cha kuhamishia, ambako magari madogo yanamwaga na moja kubwa linabeba safari ndefu, kitaongeza safari za mitaani bila kuongeza gari. Ukiwa na namba za mizani, za turubai na za karakana, niletee kabla ya kikao cha bajeti, nitakaa nawe tuzisome.